Kutoka Kwenye Kompyuta Hadi Kwenye Kibuyu Chirizi

Mazungumzo ya mwelimishaji wetu wa afya na wanafunzi wa sekondari, Chimwaga, Dodoma

Mbukwenyi, wadogo zangu!

Naona wenyeji mmeitikia vizuri, na wageni mmebaki mmeduwaa. Hiyo ni salamu ya Kigogo. Itikieni tu "mbukwa", mtaeleweka.

Walimu wameniomba nizungumze nanyi juu ya kazi. Nimekubali kwa moyo mmoja kwa sababu Chimwaga napafahamu. Wazazi wenu wakisikia jina hili wanakumbuka ule ukumbi ambamo CCM ilimteua Benjamin Mkapa kugombea urais mwaka 1995. Sisi tuliozaliwa baadaye tunakumbuka chuo, maana Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza hapa mwaka 2007. Nami nilisoma hapahapa, kwenye ndaki ya kompyuta tunayoiita CIVE. Miaka mitatu ya jua, upepo na vumbi jekundu. Nikahitimu, nikaenda Dar es Salaam, nikapata kazi ya kuandika programu kwenye kampuni. Baada ya miaka miwili nikaacha, nikarudi Dodoma kufanya kazi kwenye shirika lisilo la kiserikali linaloshughulika na afya ya vijana.

Kila ninapokwenda shuleni swali huwa ni lilelile: "Dada, kwani ulifukuzwa?"

Jamani, sikufukuzwa. Na wala sikuona maono usiku. Sitaki mniite shujaa, maana kazi ya kampuni haikuwa mbaya. Ilinilipia pango, ilinisomeshea mdogo wangu, na ilinifundisha nidhamu ambayo chuo hakikunifundisha. Tulitengeneza mfumo wa kutuma ujumbe wa matangazo kwa wateja wa maduka. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha ujumbe unatoka, unafika, na tunajua ni watu wangapi wameufungua. Ukiona wateja elfu kumi wamefungua, bosi anafurahi. Wakiwa elfu nane, mnakaa kikao hadi saa mbili usiku.

Siku moja nilikuwa likizo nyumbani kwetu, wilaya ya Kongwa. Bibi yangu alinipa kibano kidogo cha chuma akaniambia, "Mjukuu wangu, wewe macho yako ni mapya, hebu ning'oe kope hizi." Kope zake zilikuwa zimegeuka kuelekea ndani, zinakwaruza jicho kila anapopepesa. Nikang'oa. Nilikuwa nimefanya kazi hiyo tangu nikiwa darasa la tatu, pengine kama baadhi yenu. Lakini safari hii nilijiuliza: mimi ninayejua kufikisha ujumbe kwa watu elfu kumi kwa dakika moja, mbona hakuna aliyemfikishia huyu mama habari kwamba kope hizi zinarekebishwa kwa upasuaji mdogo?

Ule ni ugonjwa wa vikope, au trakoma. Nieleze kidogo, kwa sababu ugonjwa huu umeishi nasi hapa nyanda za kati kwa muda mrefu. Husababishwa na vijidudu vya bakteria. Huenea kwa mikono, kwa kitambaa kimoja kinachofuta nyuso za watoto watano, na kwa nzi wanaofuata tongotongo. Mtoto akiambukizwa mara moja si tatizo kubwa. Akiambukizwa tena na tena kwa miaka, kope lake kwa ndani linapata makovu, makovu yanavuta, kope zinageuka, zinakwaruza kioo cha jicho mpaka kinakuwa na ukungu. Mwisho wake ni upofu. Wanawake huathirika kuliko wanaume, kwa kuwa ndio wanaoshinda na watoto wadogo.

Kongwa ilifanyiwa utafiti mkubwa wa ugonjwa huu miaka ya 1980 na 1990, tena matokeo yake yanasomwa duniani kote. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya jaribio la vijiji sita. Vyote vilipewa dawa ya macho. Vitatu kati yake viliongezewa kampeni ya kuosha watoto nyuso, kampeni iliyopangwa pamoja na wanakijiji wenyewe. Kwenye hivyo vitatu nyuso safi ziliongezeka, na vikope vikali vilipungua zaidi. Na kuna jambo lililonigusa nilipousoma utafiti huo. Shida ya maji ni kweli, Kongwa ni pakavu. Lakini watu wengi waliamini kwamba kuosha uso wa mtoto kunamaliza maji mengi, na kila tone lilikuwa limepangiwa kazi nyingine. Walipopima wenyewe waliona kuwa maji kidogo tu yanaosha nyuso nyingi. Maji yalikuwa yaleyale, umbali wa kisima uleule. Kilichobadilika ni hesabu iliyokuwa kichwani.

Mimi kama mtu wa kompyuta nilipenda sana hapo. Ni hesabu! Lakini ni hesabu iliyofanywa kwa beseni, mbele ya wamama, na mtu aliyekubali kukaa chini akasikiliza kwanza.

Sasa msifikiri nimeitupa kompyuta. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanadhani ukitoka kwenye teknolojia ukaingia kwenye NGO, unavua koti moja na kuvaa lingine. Ujuzi ule unakuja nao. Kinachobadilika ni swali unaloulizwa jioni. Kampuni ilikuwa ikiniuliza, "Umefika?" Shirika linaniuliza, "Umefika kwa nani, na ikawaje?"

Niwape mfano wa hapahapa nchini. Mwaka 2009 na 2010 kulikuwa na jaribio lililoitwa SMS for Life katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Liliongozwa na Jim Barrington, mtu aliyekuwa mkuu wa mambo ya kompyuta katika kampuni kubwa ya dawa ya Novartis. Waliungana Wizara ya Afya, mpango wa dunia wa kupambana na malaria, na kampuni za IBM na Vodafone. Tatizo lilikuwa ni lile mnalolijua: mtu anatembea kilomita kumi na mtoto mwenye homa, anafika zahanati anaambiwa dawa mseto zimekwisha. Wakati huohuo zahanati ya pili yake dawa zimejaa kabatini.

Walichofanya ni chepesi mno. Kila wiki simu ya mhudumu wa afya ilipokea ujumbe ukimwuliza amebakiwa na dawa kiasi gani. Anajibu bure kwa simu yake mwenyewe, hata iwe ya tochi. Majibu yanaonekana wilayani. Vituo 129 vilishiriki, vinavyohudumia watu wapatao milioni 1.2. Wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimekosa angalau aina moja ya dawa za malaria. Wiki ya 21 ilibaki asilimia 26.

Mtapiga makofi, na mimi nilipiga. Lakini tazameni tena. Lindi Vijijini vituo viliacha kuishiwa dawa kufikia wiki ya nane. Wilaya nyingine mbili hazikufika hapo. Programu ilikuwa ileile! Ujumbe uleule, siku ileile. Ujumbe haubebi dawa, wadogo zangu. Dawa hubebwa na mtu, kwenye gari la wilaya au nyuma ya pikipiki, baada ya mtu mwingine kusoma taarifa na kuamua kuinuka kwenye kiti.

Mfano mwingine nautaja haraka. Kati ya 2012 na 2016 ulifanyika upimaji mkubwa wa trakoma katika nchi 29. Watu milioni 2.6 waligeuzwa kope na kuangaliwa, na majibu yakaingizwa kwenye simu palepale badala ya karatasi. Aliyeandika programu ile alifanya kazi ya macho bila kugusa jicho la mtu.

Na hapa Tanzania kuna vitabu vya MTUHA. Mkiingia zahanati mtaviona, vikubwa, vimepangwa mezani kwa nesi. Kila mgonjwa anaandikwa. Mwisho wa mwezi nesi anahesabu kwa vijistari, vinne na kimoja cha kukata, tena mara nyingi usiku. Tangu mwaka 2013 hesabu hizo za Bara zinaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Programu yake ni ya bure. Ilianza Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuisha, inasimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo kule Norway, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameifanyia kazi kubwa. Mimi wiki yangu ya kwanza kwenye shirika niliwekwa nikae na nesi mmoja nimsaidie kuhesabu vijistari. Siku tatu. Nilijifunza pale kitu ambacho hakimo kwenye somo lolote la kompyuta: ukiongeza kisanduku kimoja kwenye fomu, umemwongezea mtu fulani dakika kumi za usiku wake.

Ngoja nifike kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonileta.

Kuna shule moja wilaya ya Bahi tulikwenda kuzungumzia upimaji wa VVU. Nilikuwa na tableti ya kuandikisha wanaotaka kuelekezwa kituo cha afya. Fomu niliyoikuta ilikuwa inataka jina, kidato, kijiji, namba ya simu na sababu ya kwenda. Baada ya kipindi msichana wa kidato cha tatu alinifuata nyuma ya darasa. Akasema, "Shikamoo dada." Nikaitikia. Akaangalia huku na huku, akauliza, "Ukiandika jina langu humo, nani ataliona?"

Kampuni ilikuwa na majina laki tatu ya wateja, na kwa miaka miwili sikusikia hata mmoja akiniuliza swali hilo. Yeye aliniuliza ana kwa ana, na jibu langu ndilo lingeamua kama atakwenda kupima au atarudi bwenini.

Nilimwambia nitamjibu kesho. Usiku nikakaa na mwenzangu tukafuatilia: tableti inatuma ofisini, ofisini wanafungua watu sita, mmoja anatengeneza jedwali, jedwali linatumwa kwa barua pepe, na juu yake kuna kundi la WhatsApp la mradi. Watu zaidi ya ishirini! Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ni uzembe wa kawaida wa mashirika, ndiyo hatari yake.

Tukabadilisha fomu. Jina likaondoka, ikaja namba ya siri ambayo mwenyewe anapewa kwenye kikaratasi. Daftari linalounganisha namba na jina likabaki zahanati, kabatini, kwa funguo. Sababu ya kwenda ikafutwa kabisa, kwani haikutuhusu. Tableti ikawekwa nywila, ili ikiibwa mwizi apate kioo tu. Kazi nzima ilichukua mchana mmoja. Hiyo ndiyo programu fupi kuliko zote nilizowahi kuandika, na sijui nyingine iliyokuwa na uzito kama ule.

Kesho yake nilimjibu: "Ataiona mhudumu mmoja, na sheria inamfunga mdomo." Na ni kweli. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya mtu yawe siri. Marekebisho ya mwaka 2019 yanaruhusu kijana wa miaka 15 kupima bila kusubiri ridhaa ya mzazi. Na mwaka 2022 Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mkiulizwa jina lenu kwenye simu au tableti ya mtu yeyote, mimi nikiwemo, mna haki ya kuuliza kama alivyouliza yule binti. Ulizeni. Asiyeweza kujibu msimpe.

Kama alikwenda kupima? Sijui, na mfumo tuliotengeneza unahakikisha sitajua.

Haya, sasa mambo ya fedha, maana naona kijana wa nyuma amenyoosha mkono tangu tulipoanza.

Mshahara wangu ulishuka karibu theluthi moja. Bodi ya Mikopo haijali umehamia wapi, inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Baba yangu hakunisemesha wiki mbili. Kwa mzee aliyeuza ng'ombe ili mtoto asome kompyuta, kuniona nabeba madumu na sabuni kwenye pikipiki ilikuwa kama kichekesho. Simlaumu. Siku hizi anawaambia majirani kuwa mimi ni daktari, nami nimechoka kumsahihisha.

Mikataba yetu ni mifupi, mwaka mmoja au miwili, kwa sababu fedha ni za wafadhili. Hata gazeti hili mnalolisoma bure kuna mtu analilipia. Mfadhili akibadili mawazo, kazi inasimama. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Haikurudi kama ilivyokuwa, na katikati ya mwaka huohuo shirika lao la misaada, USAID, lilifungwa. Nina rafiki zangu hapa Dodoma waliokuwa kwenye miradi ya VVU, walipigiwa simu wakaambiwa kesho wasije. Watu wenye familia. Shirika letu lina mfadhili mwingine, kwa hiyo mimi nilibaki na kazi, lakini tangu siku hiyo najua kwamba kazi ya kusaidia watu inaweza kuondolewa na mtu asiyewafahamu watu hao. Anayewaambia kuwa NGO ni ulaji, au ni wito mtakatifu usio na hesabu, hajakaa ndani.

Ndiyo maana sijaacha kuandika programu. Jumamosi mbili kwa mwezi natengenezea maduka ya hapa mjini mifumo ya stoo. Fedha yake ni akiba ya siku mkataba utakapokatika. Kuna wenzangu wananicheka, eti nimeshika huku na huku. Nawaambia waendelee kucheka.

Nilipewa maswali yenu kwenye vikaratasi. Nayajibu machache.

"Dada, mimi nataka kuchukua HKL, sitaweza kazi hizi?" Utaweza, tena sana. Kwenye shirika letu anayeandika barua za kuomba fedha alisoma fasihi, na bila yeye sisi watu wa kompyuta tungeshalala njaa. Ila jifunze kutumia jedwali la kompyuta, hesabu za asilimia usizikimbie.

"Je, nianze NGO moja kwa moja au nipitie kampuni kwanza?" Maoni yangu ni kwamba kama unaweza, pitia kwanza mahali ambapo kazi mbovu inarudishwa. Kwenye kampuni mteja akikasirika anaondoka. Kwenye mashirika, mwanakijiji akikasirika hana pa kwenda, kwa hiyo ni rahisi kuzoea kufanya vibaya huku ukisifiwa kwenye semina.

"Nitajuaje kuwa NGO ni ya kweli?" Yanasajiliwa kwa sheria ya mwaka 2002, uliza cheti cha usajili. Wakikuomba fedha ya fomu ya ajira, ondoka. Na ninyi wasichana, hata wavulana: mtu akikuambia kazi ipo lakini mkutane hotelini kwanza, hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa la jinai. TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Msione aibu, mwenye aibu ni yeye.

"Bibi yako alipona?" Alifanyiwa upasuaji wa kope kwenye kituo cha afya, akarudi nyumbani siku ileile na bandeji. Jicho la kushoto linaona vizuri. La kulia lilikuwa limeshachelewa, anatambua mwanga tu.

Muda wangu umekwisha, mwalimu ananionyesha saa. Wanaotaka kujifunza kutengeneza kibuyu chirizi wabaki. Kamba, misumari na sabuni ninazo, madumu ya lita tano yapo pale nje chini ya mti. Tunahitaji mtu mmoja wa kuchoma tundu, tundu dogo, lisizidi unene wa msumari, na wawili wa kutafuta vijiti vya kukanyagia. Tutapima lita moja ya maji tuone inaosha nyuso ngapi. Nani anahesabu?